Mama Aliyetafsiri Sinema Bubu

Kwa miaka mitatu, katika kambi ya wakimbizi mkoani Kigoma, mama mmoja asiyejua Kiingereza alitutafsiria kwa Kiswahili sinema ambayo haikuwa na sauti. Sisemi kwamba sauti ilikuwa mbovu. Haikuwepo kabisa. Ilikuwa sinema bubu, nyeusi na nyeupe, iliyopigwa kabla babu yangu hajazaliwa. Hata hivyo, ukiwauliza leo watu wa kambi ile walioko huku Marekani, Louisville, Columbus au Buffalo, watakuambia wanaikumbuka sauti ya bi harusi wa sinema ile. Mmoja aliniapia kuwa ilikuwa na mkwaruzo kidogo, kama ya mtu aliyetoka kulia sasa hivi.

Sauti hiyo ilikuwa ya mama tuliyemwita Mama Mtafsiri. Jina lake la ubatizo nilikuja kulijua Marekani, juu ya bahasha ya bili ya umeme, na nilipolisoma kwa sauti alisema, "Huyo simjui. Mrudishie posta."

Kibanda chetu cha video kilikuwa cha miti na turubai, nyuma ya kituo cha vijana cha kanisa. Ndani palikuwa na televisheni moja, deki moja ya kaseti, na mabenchi ya mbao za kuokoteza. Jenereta iliwashwa baada ya chakula cha mchana na kuzimwa kabla jua halijazama, kwa hiyo sinema zote tulizitazama kwenye joto la turubai, tukitoka jasho pamoja na askari na majambazi wa kwenye kioo. Vibanda vingine kambini vilikuwa na vijana wa kiume wenye vipaza sauti, waliopunguza sauti ya filamu na kueleza nani kasema nini. Cha kwetu kilikuwa na mama wa makamo aliyejifunga kitenge, hana kipaza sauti, na alisikika hadi kwenye foleni ya maji.

Kaseti yenyewe ilikuja ndani ya boksi la msaada, katikati ya vitabu vya hesabu na viatu visivyo na wenzake. Haikuwa na karatasi ya jina. Siku ilipowekwa mara ya kwanza, mwenye deki alidhani waya umekatika. Akaipiga deki ubavuni, akaipiga juu, akaanza kufungua skrubu. Mama Mtafsiri alikuwa ameshakaa mahali pake.

"Acha kuipiga," alimwambia. "Hawa hawajaharibika. Wananisubiri mimi."

Akaanza. Nilikuwa na miaka tisa, nimebanwa kati ya dada yangu mkubwa na mwanamke mwenye kuku, na nakumbuka kwamba hata yule kuku alitulia.

Hadithi, kama tulivyoijua, ilikuwa hivi. Bwana na bi harusi wako bustanini, wageni wamekaa, keki iko mezani. Anatokea bata, anamdonoa bwana harusi mkononi. Bwana harusi anaona hiyo ni dalili mbaya, na kwa kuwa moyoni alikuwa anaogopa ndoa tangu mwanzo, anaruka ua na kutoroka. Bi harusi, mrefu, mwenye pua ndefu, asiyecheka hata mara moja, anachukua baiskeli ya mtu wa posta na kumfukuza mji mzima. Anapita kwenye ngazi ya wapaka rangi, anapita katikati ya bendi ya tarumbeta, anamsukumiza polisi kwenye hori la kunyweshea farasi. Bata wanazidi kuongezeka kila kona. Tulicheka mpaka wengine walitoka nje kutapika.

Kila baada ya muda kioo kiliingia giza na maandishi meupe yakatokea. Hatukujua kuyasoma, naye hakujua. Lakini kambini kila kitu kilikuwa na maandishi ya waliokitoa: gunia la unga, ndoo, turubai, hata daftari. Mama Mtafsiri alitazama yale maandishi mara moja tu, akatueleza bila kusita: "Hao ni wafadhili. Wanajitaja." Yakatokea tena. "Wafadhili tena. Wameona tumewasahau." Mara ya tano kibanda kizima kilisema pamoja naye, "Wafadhili!" na kupiga makofi. Hatukuwa na shaka yoyote. Nani aliwahi kuona kitu cha msaada kisicho na jina la mtoaji?

Alikuwa na msemo mmoja aliourudia kila aliposifiwa: "Mimi siongezi. Nafungua tu." Aliusema kwa ukali kidogo, kama mtu anayekanusha tuhuma. Na aliamini. Lakini sisi tuliokwenda kila wiki tulijua kwamba wiki mgao wa unga ulipopunguzwa, bi harusi akiwa juu ya baiskeli alimlaumu bwana harusi kwa habari ya unga. Wiki kulipokuwa na kipindupindu alimwambia anawe mikono. Ukimkumbusha Mama Mtafsiri kwamba juma lililopita bi harusi alisema mengine, alijibu, "Wewe ukigombana na mtu, unarudia maneno yaleyale kila siku? Una bahati."

Hakupenda umbea. Watu wakianza kumteta jirani alinyanyuka na kwenda zake. Lakini kwenye sinema kila mtu alipewa jina la mtu wa kambini. Yule polisi aliyeangukia horini alipewa jina la mwenyekiti wa zoni yetu, mzee mnene aliyetembea na filimbi. Tulidhani kibanda kitafungwa. Mwenyekiti alikuja, akakaa benchi la mbele, akajiona anaanguka, akaenda zake. Wiki iliyofuata alileta mke. Iliyofuata akaleta shemeji zake kutoka zoni nyingine, na polisi alipokaribia hori aliwagusa mabega: "Sasa hivi. Sasa hivi naanguka."

Yeye mwenyewe hakucheka kamwe. Alikaa ameipa televisheni ubavu, nusu akiangalia kioo, nusu akiangalia nyuso zetu, na kikombe cha maji ya moto yasiyo na majani ya chai kikiwa mkononi. Nilimwuliza sababu miaka mingi baadaye. Alisema, "Mtafsiri akicheka, watu watacheka kicheko chake, waache chao."

Nifike sasa kwenye mwisho wa sinema, maana mambo yote yaliyofuata yanatoka hapo.

Kaseti ilikuwa imeharibika mwishoni. Bi harusi anarudi kwenye lango la bustani na baiskeli iliyopinda gurudumu, anafungua lango, na hapo kioo kinajaa chenga, zile nukta nyeupe zinazorukaruka kama mchele kwenye ungo. Chenga ziliendelea kwa dakika tano au sita, kisha kaseti ikakata. Watafsiri wengine wangesema, "Imeisha, tokeni." Mama Mtafsiri hakutikisika. Alisogeza kiti karibu na kioo, akakunja macho, akaendelea kutafsiri chenga.

"Anaingia," alisema. "Peke yake. Wageni wananyamaza. Anakaa kwenye kiti chake. Kiti cha bwana harusi kitupu. Anachukua kisu. Mnamwona? Anakata keki. Anasema: Nimechoka kukimbia. Aliyekuja, ale."

Nasi tulimwona. Hilo ndilo jambo ninaloweza kulishuhudia mahakamani. Nilimwona bi harusi akikata keki ndani ya zile chenga, na dada yangu alimwona.

Dada alikuwa na miaka ishirini na mchumba. Kijana alifundisha shule ya msingi ya kambini, mpole, mwenye mwandiko mzuri. Wakati huo watu walikuwa wameanza kuandikishwa kurudi Burundi, na wengine, kama sisi, walikuwa wameitwa kwenye usaili wa kuja Marekani. Mchumba aliahirisha harusi mara ya kwanza, kwa sababu ya kaka yake. Akaahirisha mara ya pili. Mara ya tatu alisema wangoje kwanza mpaka wafike Burundi, huko ndiko watakakofunga ndoa vizuri. Wazee walimshauri dada amfuate. Dada alirudi kibandani mchana mmoja, akatazama sinema mpaka mwisho wa chenga, akaja nyumbani na kumwambia mama yetu, "Mimi simkimbilii mwanaume kwa baiskeli. Aliyekuja, ale." Na akavunja uchumba.

Mama yetu alikwenda kibandani kesho yake, akasimama mbele ya televisheni, watu wakiwa wamekaa. Mimi nilikuwepo.

"Nijibu jambo moja tu," alimwambia Mama Mtafsiri. "Huo mwisho unaowaambia watoto wa watu, uliuona kwa macho, au uliuona kwa mdomo?"

"Niliuona," alijibu.

"Ndani ya chenga?"

"Niliuona."

Siku iliyofuata Mama Mtafsiri hakuja kibandani, wala iliyofuata. Hakuna aliyemkataza. Kijana mwenye kipaza sauti alichukua nafasi yake, na kila wafadhili walipotokea alisogeza kaseti mbele. Mchumba wa dada alirudi Burundi. Sisi tulipandishwa ndege. Miaka kadhaa baadaye kambi ilifungwa na kibanda kikabomolewa, na kaseti sijampata mtu anayejua iliishia wapi.

Tulipangiwa Columbus, na mpaka leo mimi naishi Hilliard, kitongoji chake, pamoja na mama. Dada alihamia Buffalo kufuata kazi ya kutunza wazee. Mama Mtafsiri alipelekwa Louisville na binti yake, wakapata nyumba ya kupanga mtaa wa Okolona, naye akaanza kufunga vifurushi kwenye ghala, shifti ya asubuhi. Nilimtembelea mara ya kwanza nilipokwenda huko kwenye harusi ya rafiki, na tangu hapo sikupitisha mwaka bila kushuka kumwona.

Kazi ya kutafsiri aliiacha kibandani, lakini yenyewe haikumwacha. Kwenye laundri, mahali pa kufulia nguo kwa mashine, karibu na kwao kulikuwa na televisheni iliyotundikwa juu, ambayo mwenye mahali hakuwasha sauti yake. Jumamosi moja nilimkuta amekaa kati ya vikapu, akieleza tamthilia ya mchana kwa wanawake saba, Warundi na Wakongo. Mashine zilikuwa zimeshasimama. Hakuna aliyezitazama.

"Huyu baba anamwambia binti: mtoto huyo si wangu, hata masikio hayafanani," alisema Mama Mtafsiri.

"Donc, ule bwana anakatala mutoto yake?" aliuliza Mkongo mmoja, shuka limemning'inia mkononi. "Bon, tumuone basi!"

Mjukuu wa Mama Mtafsiri, mwenye miaka kama saba, aliinua kichwa kwenye tableti. Maandishi yalikuwa yanapita chini ya kioo cha televisheni. "Bibi, that's not what he's saying. Anauza insurance."

"Anauza," alikubali bibi yake bila kugeuka. "Na mtoto anamkataa hivyohivyo."

Mambo yake mengine yalipingana waziwazi, na sikuwahi kuyapatanisha. Alikuwa na imani kali ya Kipentekoste, na siku ya maombi ya kufunga hakunywa hata maji, lakini mahubiri marefu yalimchosha akamnong'oneza jirani, "Huyu angepata chenga angefanyaje?" Aliogopa lifti na alipanda ngazi nne akiwa na magoti mabovu, lakini alijifunza kuendesha gari akiwa na miaka zaidi ya hamsini na aliliendesha kwa kasi iliyomtisha binti yake. Hakuwa na picha yoyote ukutani. Alisema picha isiyosema humchosha.

Halafu alijifunza Kiingereza. Alikwenda darasani Jumanne na Alhamisi kwenye ghorofa ya chini ya kanisa, miaka minne mfululizo, mpaka akamjibu ofisa maswali yote na kuapishwa uraia. Baada ya hapo nilimkuta laundri amekaa kimya, wanawake wamemzunguka wakingoja.

"Eleza basi, Mama," walimwambia.

"Anauza bima," alisema. Akanyanyuka kutoa nguo zake. Tulipofika nje aliniambia, "Siku hizi najua wanachosema. Sikujua kwamba wanasema mambo madogo hivi."

Kila nilipoagana naye aliniuliza swali lilelile, akiwa ameshafungua mlango, kama kitu alichokumbuka ghafla. "Dada yako anaishi na nani sasa?"

"Peke yake, Mama. Hajambo."

"Peke yake," alirudia. Na hakuuliza zaidi. Mara moja tu, miaka mitatu iliyopita, aliendelea. Alisema kwamba siku mama yangu alipomwuliza swali lile kibandani, yeye alijibu haraka mno. Alisema neno "niliuona" lilitoka kabla hajalitazama, na kwamba tangu siku hiyo analitazama. "Kama niliona, sawa. Dada yako alifuata kitu kilichokuwepo. Kama sikuona, nilimvunjia mtoto wa watu nyumba kwa chenga." Nilimwambia hayo yamepita. Akaniambia mambo ya watu wengine ndiyo hupita.

Nilimpelekea mama maneno hayo Hilliard. Mama alikuwa akichambua maharage. "Mwambie simchukii," alisema. "Ila asinisimulie filamu."

Mwaka jana dada alinipigia simu kutoka Buffalo, anahema.

"Bi harusi yuko huku."

"Bi harusi yupi?"

"Wetu! Yuko kwenye kioo cha maktaba. Na baiskeli yake."

Lilikuwa tangazo. Jumba moja la zamani la sinema lingeonyesha Jumamosi mchana filamu bubu ya vichekesho, na picha iliyobandikwa ilikuwa ya mwanamke mrefu mwenye pua ndefu, gauni limepanda magotini, juu ya baiskeli ya posta. Dada alikuwa amepita hapo akitoka kununua mihogo na dagaa mtaa wa Grant Street, na alisema alisimama pale mpaka mtu akamwuliza kama ni mzima.

Niliendesha gari kwa muda wa saa tano kwenda kuiona. Walikuwepo watu kama arobaini, na mzee mmoja akipiga piano pembeni. Mwanamke mwenye mvi, msimamizi wa maonyesho yale, alisimama na kutueleza kwamba aliyeitunga na kuiongoza filamu hiyo alikuwa mwanamke. Wakati ule wanawake waliotengeneza sinema hawakuwa wachache sana, alisema, ila majina yao yalifutika upesi, na la huyu lilikaa miaka mingi chini ya jina la mwanamume aliyekuwa na studio. Dada alinibinya mkono. Taa zikazimwa.

Bustani ikatokea. Keki. Bata akaja, akadonoa. Kisha giza na yale maandishi meupe, na kwa mara ya kwanza maishani mwetu tuliwasoma wafadhili.

Bata amemeza pete!

Nilisoma mara mbili. Bwana harusi akaruka ua, kama tulivyomzoea, lakini sasa tuliona anamkimbiza bata. Kila maandishi yalipotokea alikuwa akilia habari ya pete: nirudishieni pete, msimchinje huyo, ni huyu au ni yule? Bi harusi ndiye asiyejua. Yeye anadhani ametorokwa. Watu walicheka, mzee akapiga piano kwa kasi, na dada yangu akaniinamia.

"Kumbe hakuwa anakimbia," aliniambia sikioni.

Lango likafunguliwa, baiskeli imepinda gurudumu, na taa za ukumbi zikawaka. Msimamizi akaeleza kwamba kipande cha mwisho hakijapatikana. Kimetafutwa katika hifadhi nyingi za nchi nyingi, na hakuna aliye hai anayejua filamu inaishaje.

Dada akainua mkono. Kwa Kiingereza chake cha kazini, kilicho kizuri kuliko changu, alisema, "Sisi tunajua. Tuliiona Tanzania."

Ukumbi mzima uligeuka. Msimamizi alishuka jukwaani na kalamu mkononi. Inaishaje?

"Anakaa peke yake anakata keki, anawagawia wageni," alisema dada.

"Hawagawii," nilisema. "Anakula yeye, na kijiko."

"Kijiko kimetoka wapi wewe? Kisu!"

"Kisu cha kukatia, kijiko cha kulia."

"Ulikuwa na miaka tisa!"

Tulibishana kwa Kiswahili mbele ya watu arobaini, na msimamizi aliandika alichoweza. Mwishowe alituuliza kwa upole kama kaseti ile ipo. Tukamweleza habari ya chenga. Hakutucheka. Alisema kaseti huenda ilinakiliwa kutoka kwenye kopi iliyokuwa nzima, na kwamba penye chenga mara nyingine picha huwa bado ipo kwa chini, hafifu. Mara nyingine. Kisha akatupa karatasi yenye picha moja, kitu pekee kilichobaki cha tukio la mwisho, iliyopigwa siku walipoitengeneza filamu, ili kuitangaza.

Wiki tatu baadaye dada alinipitia Hilliard na tukashuka pamoja Louisville. Ilikuwa mara yake ya kwanza kumwona Mama Mtafsiri tangu kambini. Ilikuwa Jumapili, baada ya ibada. Mama Mtafsiri alikuwa ameacha kazi ya ghala kwa ajili ya magoti, na alitupokea amekaa, ameshika mikono ya dada kwa muda mrefu.

"Umenenepa," alisema. "Afadhali."

"Na wewe umekonda, Mama. Tugawane."

Dada alimweleza kila kitu kwa utaratibu: jumba, piano, mwanamke aliyeiongoza filamu. Hapo Mama Mtafsiri alimkatisha.

"Mwanamke? Ndiyo maana."

"Ndiyo maana nini?"

"Gauni la bi harusi lilikuwa na mifuko. Alitia funguo ya baiskeli mfukoni. Nilijiuliza siku zote ni fundi gani mwanaume aliyefikiria kumwekea bi harusi mfuko."

Ni kweli. Mfuko upo. Mimi na dada tulikuwa hatujauona, si kambini wala Buffalo.

Kisha dada akamwambia habari ya pete. Mama Mtafsiri alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa, na maandishi yalipofikiwa alijipiga paja. "Wafadhili!" alisema. "Maskini ya Mungu, walikuwa wanatuambia." Akatikisa kichwa. "Kwa hiyo yule kijana hakuwa na kosa. Nimemsingizia miaka yote."

"Yule wa kwenye filamu," alisema dada.

"Na wako je?"

"Wangu ana watoto wanne na duka la mabati. Ananitumia salamu za Krismasi, na picha za mabati. Mama, sikia. Mimi sikumkataa kwa sababu ya filamu."

"Ulisema maneno yangu. Mama yako alikuja nayo."

"Nilikuwa na miaka ishirini. Nilishaamua, nikatafuta wa kumsukumia."

Mama Mtafsiri alimtazama kama alivyokuwa akitutazama zamani, nusu ya uso. "Usinipe zawadi," alisema. "Nipe karatasi."

Dada akaitoa. Mama Mtafsiri alivaa miwani, akaisogeza dirishani. Picha inamwonyesha bi harusi amekaa mezani, kisu mkononi, keki mbele yake haijakatwa. Hatazami wageni. Anatazama kulia kwake, penye kiti cha bwana harusi. Lakini picha imekatwa ukingoni, na kiti kinaonekana mguu mmoja tu. Juu ya mguu huo, pembeni kabisa, kuna kitu cheusi chenye kona, ukubwa wa ukucha.

"Hiki ni nini?" aliuliza.

"Kivuli," alisema dada.

"Au mkunjo wa kitambaa cha meza," nilisema.

"Kitambaa ni cheupe." Akageuza karatasi, akaigeuza tena. "Hiki ni kiwiko. Au si kiwiko." Aliishika muda mrefu. "Nilipokuwa nimesogeza kiti kwenye chenga, nilikuwa naona mtu anatembea. Hilo nina hakika. Sasa sijui tena kama walikuwa mmoja."

Msimamizi wa Buffalo alimwambia dada kwamba hifadhi moja ya ng'ambo inasemekana ina picha ya pili ya meza ileile, iliyopigwa kutoka upande mwingine. Ameandika barua kuiomba. Mpaka naandika haya hajajibiwa.

Nilimpelekea mama nakala ya karatasi. Sikutarajia aitazame, lakini alifuta mikono, akaipokea, akaisogeza karibu na taa ya jikoni. Nilimweleza mambo ya kiti na kitu cheusi. Alikaa nayo mpaka sufuria ikafurika.

"Hakuna mtu hapa," alisema. "Kiti kitupu. Mpigie, umwambie mimi nimesema ni kitupu."

Nilimpigia palepale, mama akiwa amesimama kando yangu. Mama Mtafsiri alisikiliza maneno yale hadi mwisho, akaniomba niyarudie, nikayarudia. Mama yangu ana mtoto wa jicho katika macho yote mawili, na tangu masika yuko kwenye orodha ya kungoja upasuaji.

"Mshukuru sana," alisema Mama Mtafsiri. Kisha akaniuliza, "Siku hizi mama yako anaona vizuri?"